Ndoo Chini ya Ndege

Jumatatu, 3 Machi

Kwa heshima na taadhima, na baada ya kushauriana na nafsi yangu kwa kina, natangaza kwamba paa la Ofisi ya Mizigo Isiyo na Mwenyewe limeanza kuvuja rasmi leo, saa nne na dakika kumi asubuhi. Ndoo moja imeteuliwa kukinga maji, nayo imekula kiapo mbele ya masanduku mia mbili na kumi na manne. Hakuna aliyepinga. Nimeanza daftari hili ili matukio mazito kama haya yasipotee, maana hapa uwanja wa ndege kila kitu hupotea, na kikishapotea huletwa kwangu.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Ndoo inafanya kazi kuliko mimi.

Ijumaa, 7 Machi

Bi Meneja ameniita. Ana umri wa binti yangu mkubwa, na viatu vyake hutangulia sauti yake. Ukisikia ko-ko-ko kwenye korido, ficha gazeti. Uwanja unatimiza miaka hamsini mwisho wa Mei, na ukumbi wa abiria utapambwa kwa picha za ndege za enzi zile, zile kubwa za pangaboi nne, pamoja na watu wake.

"Watu wanapenda vitu vya zamani, mzee wangu," alisema.

"Ndiyo maana umeniita?"

Hakucheka. "Yale makasha ya negativu, zile filamu za kusafishia picha, yako ofisini kwako. Na wewe ndiye peke yako uliyekuwepo. Chagua picha arobaini, uandike maelezo. Zitasafishwa kubwa, kama mlango."

Kama mlango.

Makasha kweli yako kwangu, rafu ya juu. Studio ndogo ya uwanjani ilipofungwa, yaliletwa kama mzigo usio na mwenyewe, nikayapa namba, nikayasahau.

Naandika uongo, na daftari lenyewe halijamaliza wiki. Sikuyasahau hata siku moja.

Jumapili, 9 Machi

Sebuleni kwetu, juu ya redio, kuna picha. Kijana mwembamba amesimama kwenye ngazi ya ndege, kipandio cha nne kutoka juu, amegeuka nusu, mkono hewani, koti limemkaa kama la kuazima. Nyuma yake ni ubavu wa ndege ambayo uwanja mzima tuliiita Pomboo, kwa ule mgongo wake uliopinda na mikia yake mitatu. Kijana huyo ni mimi. Koti ni la kuazima. Na picha hiyo ndiyo iliyonipatia mke.

Mama mkwe wakati ule alitaka mkwe "aliyeona dunia". Mimi dunia nilikuwa nimeiona mpaka stendi ya basi. Basi nikaipeleka picha ndani ya bahasha, nikasema ni siku niliyoondoka kwenda ng'ambo kwa mafunzo ya miezi mitatu. Miezi hiyo, kwa kweli, nilikuwa kwa mjomba nikifuga kuku. Mabawa niliyaona mengi, lakini hakuna lililoninyanyua.

Sijawahi kupanda ndege. Miaka thelathini na moja ya kazi ya uwanja wa ndege, ukitoa ile miezi ya kuku, na mguu wangu haujavuka kile kipandio cha nne kama abiria.

Leo tulikuwa na wageni. Mke wangu ni fundi cherehani, hushona hata akiongea. Alisema bila kuinua kichwa, "Baba watoto, waeleze ulivyokula mawinguni."

Nikawaeleza. Taabu ya hadithi hii ni kwamba haijaacha kukua. Mwaka wa kwanza wa ndoa ilikuwa na chai na biskuti mbili. Siku hizi ina radi, ina bawa linalotetemeka, ina rubani anayekuja kuniomba nimtulize abiria mmoja aliyeingiwa na woga. Abiria huyo leo alikuwa jaji. Sijui alipandia wapi.

Sasa tatizo. Picha ile nilipewa ikiwa ndefu zaidi. Chini ya ngazi kulikuwa na ndoo, kwa sababu ndege ilikuwa inasafishwa, haiendi popote, nami nilikuwa mmoja wa wasafishaji wake. Abiria wa ng'ambo hapigwi picha juu ya ndoo. Siku chache kabla ya kwenda kuposa nikachukua mkasi wa kinyozi nikakata sehemu ya chini. Ukingo ukaenda upande, na kwenye pembe pakabaki kipande cha kitambaa cha madoadoa, ambacho huwaambia wageni kuwa ni bendera ya kuongozea ndege.

Mke wangu aliitazama mara moja tu, mwezi wa kwanza wa ndoa, akasema, "Aliyekata hii hajui kushika mkasi." Hakuigusia tena.

Negativu nzima imo katika makasha yale. Ikisafishwa kama mlango, ndoo itakuwa kubwa kama pipa, na mama mkwe anavyopenda shughuli za watu hatakosa kuja. Lakini mchaguzi wa picha ni mimi. Maji yako magotini tu.

Jumatano, 12 Machi

Ndoo mbili.

Jumatano, 19 Machi

Bi Meneja amemleta ofisini kwangu mpiga picha mwenyewe wa ile studio. Tulimwita Mzee Lenzi tangu hajawa mzee. Ana miaka themanini na kitu, suruali imeshikiliwa na mikanda ya mabegani, na ni kero kamili. Dirisha likitetemeka tu, anainua kidole: "Hiyo injini yake ya kulia inakohoa." Watu hawatambui kabisa. Nilimpa picha ya maharusi wakipanda ndege kwenda fungate.

"Mzee, hawa ni kina nani?"

Aliinua negativu kwenye mwanga. "Hao ndio walioniziba gurudumu la mbele la ile ndege Kiboko."

Kwake, binadamu ni ukungu unaopita mbele ya ndege.

Lakini ndiye aliyetunga sheria ya kipandio cha nne. Alikuwa akisimama kwenye roshani ya kuagia, kamera imewekwa tayari, na kila abiria alijua: ukifika kipandio cha nne kutoka juu, unasimama, unageuka, unahesabu moja mpaka tatu moyoni, ndipo unaingia. Foleni ilijaa mpaka chini, marubani walifoka, lakini hakuna aliyeingia ndani bila kugeuka, kwa sababu ndugu zake walikuwa roshani wakingoja ule mgongo uwe uso kwa mara ya mwisho. Siku za usafi, watu wasio na safari nao walikuja kuomba kupigwa pale pale.

"Hukuwakatalia?" Bi Meneja aliuliza.

"Nikatae kwa nini? Ndege ni ile ile." Kisha akanigeukia. "Kijana, Pomboo yuko wapi?"

"Pomboo yupi, mzee?"

"Negativu namba sitini na moja. Kwingine kote nina mkia mmoja, mikia miwili. Kila mara kuna mtu na kofia yake. Sitini na moja ina mikia yote mitatu. Ilikuwa wiki ya mwisho, kabla hawajampeleka kukatwa vyuma chakavu."

Bi Meneja alikuwa ameshatoa kalamu. "Hiyo itakaa katikati ya ukumbi."

Yeye ananiita mzee, Lenzi ananiita kijana. Ndani ya korido moja nazeeka na kurudi ujana mara sita kwa siku. Na maji yako kiunoni.

Ijumaa, 21 Machi

Nimewahi kazini kabla yao, nikaipata. Kubwa kama kadi ya posta, ndani ya bahasha nyembamba yenye namba kwa penseli. Sikuitoa, sikuitazama. Nimeitia ndani ya sanduku namba themanini na nane, la kahawia, lililofungwa kwa mkanda wa suruali. Liko rafuni mwaka wa tisa huu. Mwenyewe ama amefariki, ama amepata zuri zaidi.

Ndoo tatu.

Jumatatu, 24 Machi

Tumetafuta namba sitini na moja kutwa nzima. Nimegundua nina kipaji cha kutafuta kitu ninachojua kilipo. Napiga chafya za vumbi kwa uaminifu mkubwa.

Jumapili, 6 Aprili

Mama mkwe amekuja kula nasi. Mke wangu amemsimulia habari za maonyesho, naye amekwisha kuagiza kikundi chake kizima cha wanawake, ishirini na wawili, waje kuona mkwe wake alivyopaa.

"Hasa yule jirani yangu," alisema. "Maana tumechoka. Mkwe wake alikwenda kwa meli, akatapika kwenda na kurudi, lakini kila siku mkwe wangu, mkwe wangu. Wa kwangu alimtuliza jaji angani!"

"Mama, haikuwa kitu kikubwa," nilisema, na hilo ndilo neno la kweli pekee nililowahi kusema juu ya safari ile.

Mke wangu alikuwa anakunja pindo. "Na picha yetu itakuwemo, baba watoto? Ile nzima?"

"Nzima vipi?"

"Nzima. Ya kabla ya mkasi." Akakata uzi kwa meno. "Nina hamu ya kuiona."

Alilitamka lile neno "hamu" kama mtu anavyotamka "kesi". Miaka ishirini na saba nimelala kitanda kimoja na mwanamke huyu, na leo ndiyo kwanza nahisi kuna kitu anakijua.

Jumanne, 8 Aprili

Ndoo tano. Mbili ni za kuazima kutoka idara ya usafi. Nimezisainia.

Jumatano, 16 Aprili

Leo Mzee Lenzi hakusema lolote kuhusu injini yoyote. Zilipaa nne tangu asubuhi, moja ikapita juu yetu mpaka ndoo zikafanya mawimbi, naye hakuinua kidole. Alikaa juu ya begi la mtu, akatoa daftari lake la zamani, lile lenye orodha ya negativu zote.

"Kijana, macho yangu. Nisomee sitini na moja."

Nikasoma: "Pomboo. Asubuhi, mawingu mepesi. Mikia mitatu."

Mstari ule una maneno mengine mbele. Sikuyasoma kwa sauti.

"Kwa hiyo ilikuwepo," alisema. "Basi nimeipoteza mwenyewe. Nilikuwa naiona humu kichwani, na bahasha yake, na hata kashani ilipolala. Sasa nimeanza, kijana. Baba yangu alianza hivi hivi. Kwanza funguo, halafu majina, halafu sisi wenyewe."

"Mzee, kila mtu husahau."

"Watu nimewasahau tangu zamani, hilo halinisumbui. Ndege sijawahi."

Sanduku namba themanini na nane lilikuwa nyuma ya kisogo chake, hatua mbili. Ningenyoosha mkono tu. Badala yake nikaenda kumwaga maji ya ndoo iliyojaa, nikarudi nikakuta amejiinamia, anahesabu kwa vidole namba za ndege zote alizowahi kupiga, kujipima kama bado zipo. Alifika ya thelathini bila kukosea. Ya thelathini na moja alisita, na alinitazama kama mtu aliyeshikwa akiiba.

Niliandika humu kwamba mzee huyu ni kero. Naomba ifutwe.

Jumatatu, 28 Aprili

Nilikusudia kuirudisha leo. Mke wangu akanionyesha gauni analomshonea mama yake kwa siku ile. Lina ndege kifuani, imetariziwa kwa uzi wa fedha, na dirishani kuna kichwa kidogo.

"Huyo ni wewe," alisema.

Sikuirudisha.

Ijumaa, 2 Mei

Ndoo saba. Nimeanza kuzipa vyeo.

Alhamisi, 8 Mei



Saa tano nilikwenda stoo kufuata ndoo ya nane. Bi Meneja, kwa wema wake, alikaa kwenye kiti changu. Niliporudi alikuwa amesimama katikati ya ofisi, anang'aa.

"Mzee wangu, muujiza! Sanduku limepata mwenyewe! Katika ripoti tutaliweka ukurasa wa kwanza!"

Kwenye rafu palikuwa na pengo. Sikuwa na haja ya kuuliza namba, lakini niliuliza.

"Themanini na nane! Alikuwa na kile kipande cha lebo mpaka leo, ndani ya pochi. Miaka tisa! Kila akipita hapa safarini husahau kuuliza, leo amekumbuka."

"Yuko wapi?"

"Anaondoka na ndege ya saa saba."

Nilikimbia. Sijakimbia tangu enzi za kuku. Nilikimbia na ndoo mkononi, maana sikukumbuka kuiweka chini. Nilipita kati ya timu ya mpira iliyovaa suti za michezo, nikaruka kamba ya foleni, nikagonga toroli la familia moja, boksi likadondoka, baba wa familia hiyo akanifuata na maneno ambayo daftari hili haliwezi kuyabeba. Kipaza sauti kilikuwa kinawaita abiria wa mwisho wa safari fulani, na watu wakanipisha: "Mpisheni, mpisheni, anachelewa!" Na ndipo nilipotambua kwamba kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nawahi ndege.

Sanduku la kahawia lilikuwa juu ya mzani. Karani wa kaunta alikuwa amelifungia lebo mpya, mkanda wa mizigo unaanza kutembea. Nikalikumbatia.

Karani alinitazama. "Mzee, wewe si wa kule kwa mizigo iliyopotea?"

"Ndiyo."

"Hili halijapotea bado."

Mwenyewe alikuwa mama mmoja wa makamo, mrefu, miwani imening'inia shingoni. "Baba, unaning'ang'ania sanduku? Miaka tisa nimelikosa!"

"Samahani, dada yangu. Kuna kitu changu ndani."

Nyuma kabisa ya foleni mtu akasema, "Eh! Makubwa haya."

Alinitazama mimi, akaitazama ndoo, akaamua kwamba sina hatari. Alilishusha sakafuni, akafungua mkanda. Juu ya magauni yaliyokuwa fasheni miaka tisa iliyopita ilikuwa bahasha. Alivaa miwani, akatoa negativu, akaiinua kwenye taa za dari.

"Ndege," alisema. "Na kijana amejishaua kwenye ngazi."

"Ndiye mimi."

"Na huyu anayecheka hapa chini ni nani?"

Nikaihamishia ndoo mkono mwingine.

"Meno yote nje, ingawa humu yanaonekana meusi. Anakutazama wewe." Akaisogeza karibu na macho. "Mimi ni mkunga, baba. Uso huu nauona kila wiki. Mtoto awe na sura ya kiazi, bado anatazamwa hivi."

"Ni mama yangu," nikasema.

"Basi kaa naye. Mimi nachelewa."

Akanipa, akafunga mkanda wake, akaenda zake. Nikabaki mbele ya foleni, mkono mmoja negativu, mkono mwingine ndoo.

Nimefungua kurasa za nyuma za daftari hili. Neno "ndoo" limejaa kila mahali. Neno "mama" lipo pia, lakini ni la mama mkwe peke yake.

Ijumaa, 9 Mei

Nilimkuta Mzee Lenzi ameshafika, amekaa kwenye lile begi.

"Mzee, hukusahau. Niliificha mimi."

Nikampa bahasha. Akaisoma namba kwa kidole, kama kipofu. Nikasimama kungoja.

"Kwa hiyo kichwa changu kizima?"

"Kizima, mzee."

Alinipiga na daftari lake begani, kwa nguvu nisizomdhania. "Hiyo ni kwa kunitisha!" Akanipiga tena. "Na hii ni kwa kuweka negativu sandukuni wakati wa mvua!" Kisha akaishika kwenye mwanga, na midomo yake ikawa inahesabu: mkia, mkia, mkia. Dirisha likatetemeka. "Hiyo nayo inatua kama gunia," alisema, na machozi yanamtoka.

Nilimweleza kila kitu: mama mkwe, bahasha, jaji. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za nchi jirani.

"Mzee, ile ndoo haiwezi kukatwa kidogo?"

"Picha haikatwi, kijana. Ukianza na ndoo utamaliza na mkia."

Kisha akanionyesha daftari lake, nimalizie mstari niliouruka siku ile. *Wa usafi na mwanawe. Ndoo mbele.* Mtu asiyewajua watu alituandika.

Jumanne, 20 Mei

Ndoo moja. Mvua inakata. Maelezo ya picha sitini na moja nimeyaandika mara tisa. Ya mara ya kumi nimempelekea Bi Meneja bila kuyasoma tena, kwa hofu ya kuyarekebisha.

Ijumaa, 30 Mei

Nilitaka kumwambia mke wangu leo kabla ya kesho. Alikuwa anapiga pasi gauni lenye ndege. Nikamsaidia kushika pindo. Ndivyo nilivyo.

Jumamosi, 31 Mei

Jua kali. Ndoo zote zimerudishwa, nimesainia.

Ukumbi ulifurika. Abiria wa kweli walikosa njia ya kufikia kaunta kwa sababu ya watu waliokuja kutafuta shangazi zao kwenye ngazi. "Yule pale! Yule mwenye kofia!" Mzee Lenzi, ndani ya suti, alipita akiwaomba wasizibe: "Sogeeni kidogo, mnamficha Kiboko." Bi Meneja alivaa viatu visivyolia, nikamwona kumbe ni mfupi, na ana wasiwasi kama sisi sote.

Sitini na moja ilikuwa katikati. Kubwa kuliko mlango. Mama mkwe alifika mbele na jeshi lake, na kwa kuwa huwasomea wenzake kila kitu, akasoma maelezo kwa sauti ya kutangazia harusi:

"'Pomboo, wiki yake ya mwisho. Juu ya ngazi ni msafishaji wa ndege. Hakusafiri...'" Akapunguza mwendo. "'Ha-ku-sa-fi-ri. Chini ni mama yake, msafishaji wa ndege miaka kumi na minne, ambaye bila yeye picha isingepigwa.'"

Wanawake ishirini na wawili wakanigeukia. Ile ndege ya fedha kifuani pa mama mkwe ilikuwa inapanda na kushuka.

"Kwa hiyo jaji?" aliniuliza polepole.

"Hakukuwa na jaji, mama."

"Na radi?"

"Radi ilikuwepo. Kwa mjomba. Iliua kuku wawili."

Yule jirani akafunika mdomo kwa kiganja. Mama mkwe akavuta pumzi, akamkabili.

"Unacheka nini? Mkwe wangu ameishi na ndege miaka thelathini na moja, na hajatapika hata siku moja." Kisha akaninong'oneza, "Wewe nitakuona nyumbani."

Mke wangu hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameinama pembeni mwa picha, chini kulia, kidole juu ya kilemba cha madoadoa.

"Hii ndiyo bendera?"

"Ndiyo."

"Unajua nimemtafuta mwenye kitambaa hiki miaka ishirini na saba? Siku ya harusi yetu nilikagua vichwa vya wageni wote wa kike. Mimi ni fundi, baba watoto. Nilijua umekata mtu. Ndoo haivai kilemba."

"Ulidhani nani?"

"Msichana, nani mwingine! Na kila ulipowahadithia watu, mimi moyoni nasema, alikuwa anamuaga yeye." Akaanza kucheka, na ilimbidi ashike mkono wa mama yake. "Nimemwonea wivu mama mkwe wangu mwenyewe!"

"Mbona hukuuliza?"

"Ili unipe uongo wa pili? Wa kwanza tu nimechoka kuufuta vumbi."

Halafu kicheko kikamwisha. Aliurudia mwili ule kwa macho, ile aproni ya usafi, ule uso ulioinuliwa. Mke wangu hakuwahi kumwona mama yangu. Alifariki miaka miwili kabla hatujajuana. Akapitisha kidole kwenye ile picha kubwa, pale mkasi wangu ulipopita.

"Lakini ndoo iko kushoto huku," alisema taratibu. "Na yeye yuko kulia. Katikati hapa pana nafasi. Hata asiyejua kushika mkasi angepita."

Nimemjibu nyumbani, na jibu naliandika hapa kama nilivyomwambia, ili daftari lisiishe na deni la ukweli.

Asubuhi ile mama aliniazimia koti kwa karani wa tiketi. Ulikuwa mwezi wangu wa kwanza kazini, kazi aliyonitafutia yeye. Mimi sikutaka picha. Aliyetaka ni yeye. Miaka yote alikuwa amewatazama watu wakigeuka kwenye kipandio cha nne, kisha akapanda baada yao kufagia. Akanisukuma mgongoni: "Nenda. Simama pale kama watu. Geuka, hesabu moja mpaka tatu." Nikasema, "Mama, ndege yenyewe haiendi popote." Akasema, "Wewe geuka tu." Nikahesabu kwa sauti, kwa ujinga, uwanja mzima ukasikia, ndipo akacheka vile. Alikaa na picha hiyo kando ya kitanda chake mpaka mwisho, nzima.

Nilipokwenda kuikata, niliikata kwa mstari mmoja, kushoto mpaka kulia. Ndoo ningeitoa kwa kukata kona. Nilimkata yeye kwa sababu ya aproni. Kile kipande kilianguka sakafuni kwa kinyozi, na kinyozi akakifagia pamoja na nywele, nami nikamtazama akikifagia.

Mke wangu akaishusha ile picha ya juu ya redio, akapima ukuta kwa utepe wake wa kushonea. Amesema mpya itatundikwa nzima, hata ikibidi redio ihame.

Jambo moja tu sikulijua mpaka leo nilipoiona kwa ukubwa ule. Pale kwenye kipandio natazama roshani, kule wanakosimama wenye watu wao, na nimepunga mkono kwa furaha kabisa. Roshani haikuwa na mtu wangu. Mtu wangu alikuwa chini, ananitazama, nami nimepunga juu ya kichwa chake.